Presha ya Bibi Harusi

Jumapili, 1 Oktoba

Mimi ni mke wa mtu. Naanza na hilo ili kalamu nayo izoee. Mke wa Zakayo! Kanisani padri alipotaja bibi harusi niligeuka nyuma kutazama anayetajwa, watu wakacheka, na Zakayo akaninong'oneza, "Ni wewe, Bene. Hakuna mwingine." Maneno hayo nimekuja nayo kutoka Masasi hadi Kariakoo kama mtu aliyeshika yai kiganjani.

Chumba chetu kiko ghorofa ya pili. Chini wanauza ndoo na mabeseni kwa jumla, na kabla jua halijatoka wabeba mizigo wanaanza, "Pisha! Pisha mzigo!" Mlango wa pili anaishi mwenye nyumba, mama wa Kihindi, jina lake Bharti, lakini mtaa mzima unamwita Mama Amit kwa jina la mwanawe aliyeko Kanada.

Mume wangu ananunua bidhaa kwa niaba ya wenye maduka wa kusini wasioweza kuja Kariakoo kila mara. Betri, ndala, vitenge, vyombo. Anafunga, anapakia kwenye lori, na mara nyingi anasafiri na mzigo mwenyewe. Mteja wake mkubwa ni Uwesu wa kule kwetu Masasi, mtu asiyejua kusubiri. Anapiga simu hata tukiwa tunakula. "Zakayo, mbona kimya? Bongo kumekauka?"

Siku ya kunifunda, Shangazi Agnesi, dada wa baba anayeishi Buguruni, alinivisha shanga za kiunoni, nyekundu na nyeupe. Zakayo anasema anazisikia hata nikiwa jikoni. Mungu wangu, naona haya kuandika, lakini nimeandika.

Alhamisi, 5 Oktoba

Amesafiri. Kitanda kimekuwa uwanja wa mpira. Kichwa kinaniuma kisogoni.

Jumatatu, 9 Oktoba

Kichwa tena. Nimefua shati lake ambalo halikuwa chafu, kisha sikulianika. Nimelivaa bichi.

Jumamosi, 14 Oktoba

Mama Amit hupima presha yake kila asubuhi kwa mashine ndogo, mezani kwake, kabla ya chai. Leo aliniita ninywe naye, nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitika, akaniona nimeshika kichwa.

"Leta mkono, binti. Tucheze."

Mashine ikavimba, ikabana, ikatoa namba: mia moja themanini na nane kwa mia moja kumi na nane. Mama Amit akaigonga kwa kidole. "Imeharibika hii." Akajipima mwenyewe, ikampa namba zake za kila siku. Akanipima tena mimi. Ikapanda zaidi.

Hakucheka tena. Alinipeleka mwenyewe zahanati ya mtaa wa pili, na sari yake ameikunja mkononi isiguse matope. Nesi alinipima, akavua miwani, akaniuliza kwa sauti ya huruma:

"Dada, una mawazo gani?"

"Sina."

"Mume anakunywa? Anakupiga?"

"Hapana! Mimi ni bibi harusi!"

"Ndiyo hayohayo," akasema, akaandika dawa.

Nilicheka njia nzima kurudi. Mimi, mawazo! Mwanamke mwenye furaha kuliko wote katika mtaa huu!

Jumatano, 18 Oktoba

Zakayo amerudi. Nilimpikia samaki wa nazi. Nikangoja amalize kula, nikamwambia kwa mzaha, kama jambo dogo, kwamba wamenikuta na presha.

Aliweka kijiko chini.

"Presha? Kwa kitu gani?"

"Wala sijui. Nimepewa dawa."

"Bene, mtu wa umri wako hapati presha hivihivi. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea chochote."

"Basi ni hiki chumba. Ni hizi kelele. Ni mimi kusafiri."

"Zaka, nina furaha!"

Alinitazama muda mrefu, namna mtu anavyomtazama muuzaji anayesifia saa ya bandia. Kisha akatoa vyombo yeye mwenyewe, akaviosha, akakataa nimsaidie.

Jumapili, 22 Oktoba

Siku hizi anaongea na mimi polepole kama niko wodini. Hanitanii. Akifunga mlango anaufunga kwa mikono miwili. Jana aliongea na Uwesu akiwa amejificha ngazini, eti simu isinipe presha. Mimi nataka mlango ubamizwe! Nataka aniulize chumvi iko wapi kwa kelele!

Ijumaa, 27 Oktoba

Zahanati. Haijashuka. Wameongeza dawa ya pili.

Jumatano, 1 Novemba

Amesafiri. Safari hii hakuniambia atarudi lini. Amesema, "Pumzika na mimi kidogo." Nimelikalia neno hilo siku nzima. Nipumzike naye, au nipumzike asiwepo?

Mvua.

Jumamosi, 4 Novemba

Nimegundua jambo: hakuna namna ya kuthibitisha furaha. Mwenye huzuni analia na watu wanaona. Mimi nikisema nina furaha, wananiambia usifiche, dada. Nikicheka, wanasema anajikaza. Nikinyamaza, hayo sasa, umeona? Leo nilikwenda kununua vitunguu sokoni nikiwa ninaimba kwa makusudi. Mama mmoja ninayemfahamu akamwambia mwenzake, "Ndivyo wanavyoanza."

Jumatano, 8 Novemba

Dawa ya tatu. Nesi ameniambia usoni kwamba simezi. Nikamwapia kwamba nameza. Nikampigia Zakayo, mtandao unakatika katika, na swali pekee nililosikia vizuri lilikuwa, "Unazimeza kweli?"

Hata yeye.

Jumamosi, 11 Novemba

Mvua haijakatika tangu juzi. Maji yamepasua barabara ya kusini mahali pawili, na lori la Zakayo limekwama katikati kwenye foleni, halirudi haliendi. Ananitumia ujumbe mfupi: "Niko salama. Meza dawa." Nimeusoma kama barua ya mapenzi, nikiruka sentensi ya pili.

Uwesu amenipigia mimi sasa, baada ya kumkosa yeye.

"Shemeji, mbona hakuna kitu kinafika huku? Bongo kumekauka?"

"Hakujakauka, shemeji. Barabara imekatika. Huku mizigo imejaa hadi barazani."

"Mimi rafu zangu tupu, wewe unaniambia imejaa! Waambie waongeze mara mbili!"

"Ukiongeza itapita wapi?"

"Waongeze tu!"

Na wameongeza. Kijana wa stoo anakoweka mizigo Zakayo amesema Uwesu anapigia kila mtu. Chini hapa mabunda ya ndala yamefika ngazini, tunapita kwa ubavu.

Jumanne, 14 Novemba

Shangazi Agnesi alikuja bila kubisha hodi, na mwavuli unaodondosha maji katikati ya chumba. Sijui nani alimwambia. Buguruni wanasikia kila kitu. Aliketi kitandani, akanishika mashavu.

"Mwanangu, Masasi ulikuwa na presha?"

"Sikuwahi kupimwa, shangazi."

"Nimekuuliza ulikuwa nayo?"

"Hapana."

"Umekuja kwa mwanamume, umeipata. Sasa mimi nifikirie nini?"

Akampigia Zakayo hapohapo, akaweka simu kwa sauti ya juu. Zakayo akasema shikamoo shangazi. Shangazi akaitikia marahaba kwa ubaridi, akasema kwamba ananichukua nikae kwake, kisha mwezi wa kumi na mbili nirudi kwa wazazi nitulie mawazo. Nilimngoja mume wangu apinge. Nilisikia mvua ya kule aliko, na injini za malori.

"Kama nyumba yangu ndiyo inampa presha," alisema, "sina haki ya kumshikilia."

"Zaka!" nilipiga kelele. "Mimi sina mawazo!"

"Sikia sauti yako, Bene," akanijibu kwa upole. "Sikia tu unavyoongea."

Afadhali angenitukana.

Mama Amit, ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja, alikuja na mashine yake kwapani. Akamwambia Shangazi, "Mpeleke, sawa. Lakini kwanza mwone daktari wa hospitali kubwa, si zahanati. Dawa tatu hazishushi kitu? Hata mimi mzee nashushwa na moja." Shangazi alitaka kukataa, akamwangalia yule mama na nywele zake nyeupe, akakubali.

Alhamisi, 16 Novemba

Dokta Abubakary ni mtu mfupi mwenye sauti ya kuchoka. Hakuniuliza kuhusu mawazo. Aliuliza dawa, akasema, "Unameza?" nikasema nameza, akasema, "Nakuamini." Nilitaka kulia kwa neno hilo dogo. Kisha akanilaza, akaweka kile chombo cha kusikilizia moyo tumboni kwangu, juu ya kitovu, pembeni kushoto. Akafumba macho.

"Kuna mlio," alisema. "Damu inapita mahali pembamba, inapuliza. Presha hii haikuja yenyewe. Kuna kinachoituma."

Shangazi Agnesi akainuka kitini. "Nilijua! Imetumwa! Dokta, ni mtu wa upande wa mwanamume au wa hapa mtaani?"

"Mama, kaa. Nadhani inatumwa na figo."

"Figo la nani?"

"La huyuhuyu."

Shangazi alikaa, lakini naona hakuridhika. Njiani hadi Buguruni alikuwa akinitajia majina ya watu waliokuja harusini na nyuso mbaya.

Jumapili, 19 Novemba

Kwa Shangazi. Nalala na wajukuu wake, miguu ya mmoja mdomoni mwangu. Nimekumbuka hata "Pisha mzigo." Zakayo hajapiga.

Jumanne, 21 Novemba

Kipimo cha mashine kubwa ya duara. Wakadunga dawa mshipani, mwili ukawa moto kama nimekojoa, aibu tupu. Kabla ya kuingia binti wa pale aliniambia nivue kila kitu cha kiunoni. Shanga hazivuliki, zinakatwa. Akakata. Nilizikusanya zote kwenye kikombe cha karatasi, hata iliyokimbilia chini ya kiti. Nilihisi kama ni ndoa yangu iliyokuwa ikibingirika sakafuni.

Majibu Ijumaa. Nimemwandikia Zakayo: "Sikuombi unichukue. Nakuomba uje usikie kwa masikio yako nini kinaniumiza. Ukisikia ni wewe, nitakwenda Masasi bila kelele."

Hakujibu.

Ijumaa, 24 Novemba

Ngoja niandike polepole, nisije nikaruka kitu.

Tuliketi kwenye benchi la nje, mimi na Shangazi. Kila mlango ulipofunguka nilitazama. Waliitwa watu, wakaingia, wakatoka. Nikaitwa mimi. Nikasimama, nikasema bado kidogo. Nesi akasema hakuna bado kidogo. Tukaingia. Dokta Abubakary alikuwa ameshageuza kioo cha kompyuta tukitazame pale mlango ulipogongwa na akaingia mtu mwenye tope hadi magotini, viatu mkononi.

Mume wangu! Alikuwa amekonda. Aliacha lori kwa utingo wake, akavuka palipokatika kwa miguu pamoja na abiria wengine, akapanda magari matatu. Hakunitazama. Alisimama ukutani kama aliyeitwa mahakamani.

"Wewe ni nani?" Dokta akauliza.

"Mimi ndiye ninayempa presha."

Shangazi akakohoa. Dokta akatazama tope lake, akamwambia akae.

Kisha akaeleza, nami nilishika kila neno. Watu wengi wanajua figo linatengeneza mkojo tu, alisema, lakini lina kazi nyingine. Linapima damu inayolifikia. Ikiwa kidogo, linaamini mwili mzima umepungukiwa, na linamwaga kwenye damu kitu kinachoitwa renini. Hiyo renini inaamsha homoni nyingine. Moja inabana mishipa mwilini kote, nyingine inazuia chumvi na maji visitoke. Presha inapanda ili damu ifike.

"Na hapa kosa liko wapi?" akaendelea. "Damu haikupungua. Amejaa damu. Figo la kulia linapata tele. Ila mshipa unaokwenda figo la kushoto umebana, kwa hiyo hilo moja linaona ukame. Linaagiza. Presha inapanda mwili mzima, lenyewe bado linapata kidogo, linaagiza tena. Usiku na mchana. Ndiyo maana zile dawa hazikufua dafu."

Halafu Zakayo akaanza kutikisika mabega. Nilidhani analia.

"Ni Uwesu!" alisema.

"Uwesu ni nani?" Dokta akauliza.

"Dokta, nina mteja Masasi. Barabara imekatika, mzigo haumfikii, yeye anadhani Dar nzima hakuna kitu. Anapiga simu, ongezeni, ongezeni! Kariakoo imejaa hadi watu hawapiti, na yeye anapiga tu, kwa sababu rafu zake tupu." Alicheka hadi akafuta macho kwa mkono wenye tope. "Bene ana Uwesu tumboni!"

Dokta naye alicheka. "Simwongopei mtu, nitalitumia hilo."

Lakini Zakayo aliacha kucheka ghafla. Akainama mbele, sauti ikamtoka ndogo kabisa.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe."

"Si mawazo?"

"Angekuwa mwenye furaha kuliko wote Dar es Salaam, figo hili lingempandishia presha vilevile. Ugonjwa huu wa mshipa unapenda wanawake vijana. Hatujui vizuri kwa nini. Si ndoa, si chumba, si mtu."

Ndipo mume wangu akanitazama. Tangu siku ya samaki wa nazi hakuwa amenitazama. Nikasema, "Nilikwambia." Nilitaka kusema mengi, nilikuwa nimeyapanga, lakini yalitoka hayo tu.

Dokta akatuonyesha picha. Mshipa wa kulia ulikuwa laini kama kamba mpya. Wa kushoto umebana, umetanuka, umebana, umetanuka, vifundo kwa vifundo.

"Tunasema unafanana na shanga," alisema.

Zakayo akaangalia dari. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Shangazi Agnesi, aliyenivisha mwenyewe kwa mikono yake, alishika kifua: "Yesu wangu! Za nje ndizo zimeingia ndani?"

"Hapana mama," Dokta akasema, akijikaza. "Za ndani zilikuwapo kabla."

Watapitisha waya mwembamba kupitia paja hadi kwenye huo mshipa, wapulize puto dogo, pafunguke. Bima ya Zakayo italipa. Dokta amesema huenda nikabaki na kidonge kimoja, na kwamba mshipa unaweza kubana tena, lazima nipimwe. Sikujali.

Tulipotoka Shangazi alisimama kwenye korido, akamwambia Zakayo bila kumtazama, "Baba, mchukue mkeo." Kisha akaenda zake kwa haraka, mwavuli umemfungukia ndani ya jengo.

Jumamosi, 25 Novemba

Zakayo amebamiza mlango. Ameuliza chumvi iko wapi kwa sauti ya kuamsha mtaa. Nimekaa kitandani nikasikiliza kama wimbo.

Alhamisi, 30 Novemba

Wamefanya. Nilikuwa macho. Niliona kwenye kioo waya unaingia, puto likavimba palipobana, maumivu mafupi ubavuni, kisha dokta akasema, "Inapita." Nikawaza: pisha, pisha mzigo. Uwesu wa tumboni amepata ndala zake.

Jumapili, 3 Desemba

Nyumbani. Shangazi amekuja na shanga mpya, samawati, kwenye leso. Hakusema samahani. Alisema, "Hizi nimeziombea," akazifunga mwenyewe kiunoni mwangu, taratibu, akipakwepa pajani penye plasta.

Jumatano, 6 Desemba

Barabara imetengenezwa. Lazima asafiri, mizigo imeoza barazani. Ameondoka asubuhi. Nilimwambia nenda, na nilimaanisha nenda, na alipofika chini nikamtazama dirishani akipita kati ya mabeseni hadi nikamkosa. Chumba kikawa kikubwa tena.

Jumamosi, 9 Desemba

Mama Amit amenipima. Mia moja ishirini na nane kwa themanini na mbili, na kidonge kimoja tu. Akaibusu mashine.

Ni mpweke hivihivi. Nimeandika hilo bila woga, maana sasa naweza. Kabla nilikuwa naogopa kusema hata kwamba nimemkumbuka, wasije wakaniambia ndiyo presha yenyewe. Nimemkumbuka. Namkumbuka nikipiga mswaki. Upweke huu ni wangu, hautumwi na figo.

Jumatano, 13 Desemba

Mvua ndogo. Hajafika.

Jumamosi, 16 Desemba

Nilikuwa kwa Mama Amit, mkono umefungwa mashine, tunangoja ivimbe. Chini wakapiga kelele, "Pisha! Pisha!" na katikati ya sauti hizo nikasikia moja inayomwambia mbeba mizigo, "Kaka, nipishe, nina mke juu." Kisha viatu ngazini, vikiruka mbili mbili.

Moyo ukaanza kunipiga hadi masikioni. Mama Amit akaona namba zinakimbia, akanishika bega.

"Binti, imepanda! Nimpigie dokta?"

"Hapana, mama," nikasema, huku nikifungua mkono wa mashine. "Hii siyo figo. Hii sasa ni Zakayo."